Paleti zilizotumika: jinsi ya kujua daraja lake kabla hujalipa

Mpigie simu muuzaji yeyote wa paleti, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo, awe Changamwe kule Mombasa au Barabara ya Nyerere kule Dar es Salaam, umwulize bei. Kabla hajataja shilingi atakuuliza, "Unataka gredi gani, bosi?" Wengi hujibu gredi A, kwa sababu linasikika kama jibu la mtu asiyetaka kupunjwa. Hapo ndipo kupunjwa kunapoanza. Herufi A peke yake haikuambii kitu mpaka ujue ni A ya nani. Wajerumani wana yao, Wamarekani wana yao, na yadi ya mtaani ina ya kwake, ambayo mara nyingi ni zile zinazong'aa zilizopangwa mbele karibu na geti.

Huku kwetu paleti nyingi zilizotumika zimekuja na mzigo wa mtu mwingine. Zilibeba vigae kutoka China au mashine kutoka Ujerumani, zikapakuliwa, zikauzwa kwa mwenye yadi, zikapigwa misumari miwili mitatu, zikarudi sokoni. Lundo moja linaweza kuwa na paleti za mabara matatu zilizopewa herufi moja. Inabidi uisome paleti yenyewe. Nitaeleza inavyosomwa, na nitakaa zaidi pale pesa zinapopotelea zaidi.

Hatua ya 1: Taja kazi kabla ya herufi

Ghala linalopanga magunia ya mchele sakafuni linaweza kwenda vizuri na paleti ambazo ghala lenye rafu ndefu za chuma lingezikataa. Sababu ni namna uzito unavyokaa. Paleti ikiwa sakafuni, mzigo unagawanyika kwenye mbao zote za chini. Forklifti ikiinyanyua, mzigo wote unakaa juu ya meno mawili. Ikipandishwa kwenye rafu isiyo na ubao wa kuikingia, imeshikwa ncha mbili tu na katikati inaning'inia. Paleti ileile basi ina viwango vitatu vya kubeba, na cha rafuni ndicho kidogo kuliko vyote. Muuzaji akikuambia "hii inabeba tani moja na nusu", mwulize ikiwa wapi.

Andika matumizi yako kwenye karatasi kabla hujatoka: sakafuni, rafuni, ndani ya kontena kwenda ng'ambo, ndani ya lori mjini, au kwa seremala. Mzigo wa ng'ambo una sharti la muhuri, ambalo halina uhusiano na uzuri wa mbao. Seremala anataka ubao mzima wenye rangi nzuri, wala hajali kama bloku moja, kile kipande kinene kinachoshikilia sakafu ya juu na ya chini, imeng'oka. Mwenye rafu anataka kinyume chake kabisa. Ukienda yadi bila kujua uko kundi gani, utalipia uzuri usiouhitaji.

Hatua ya 2: Pima, halafu tambua ukoo wake

Nenda na tepu. Shirika la viwango la ISO, katika kiwango chake namba 6780, linatambua vipimo sita vya paleti, kwa milimita: 1200 kwa 1000, 1200 kwa 800, 1219 kwa 1016, 1140 kwa 1140, 1100 kwa 1100 na 1067 kwa 1067. Ya 1200 kwa 800 ni ya Ulaya. Ya 1219 kwa 1016 ni ya Marekani, wao huiita 48 kwa 40 kwa inchi. Ya 1100 mraba utaikuta sana kwenye mizigo ya Japani na Korea. Nje ya hizo kuna bahari ya vipimo visivyo na jina, hasa paleti nyepesi za safari moja ambazo kiwanda kilizitengeneza kulingana na mashine kilichokuwa kinauza.

Kipimo kinaingia kwenye daraja moja kwa moja. Paleti nzuri yenye kipimo cha ajabu ni paleti mbaya kwa mwenye rafu, kwa sababu haitakaa sawasawa juu ya mihimili ya chuma. Kwenye kontena nako kuna hesabu yake. Upana wa ndani wa kontena la kawaida ni milimita 2350 hivi, kwa hiyo mbili za 1200 haziingii sambamba zikiwa zimelala kwa upande mrefu. Moja lazima igeuzwe. Kontena la futi 20 linameza paleti 10 za 1200 kwa 1000, au 11 za Ulaya. Ukichanganya vipimo ndani ya kontena moja, utalipia hewa.

Kisha inama uangalie katikati. Kuna koo mbili. Ya kwanza inabebwa na mihimili: mbao tatu nene zilizosimamishwa ubavu, zinazokwenda urefu wote wa paleti. Hii ndiyo ya Kimarekani, na mara nyingi mihimili imekatwa mapengo ubavuni ili meno ya forklifti yaingie kutoka upande huo pia. Ya pili inabebwa na bloku tisa, na meno huingia pande zote nne bila shida. Hii ndiyo ya Kiulaya. Kila ukoo huharibika kwa namna yake na hupewa herufi kwa namna yake. Usitumie sheria ya mmoja kumhukumu mwingine.

Hatua ya 3: Jua herufi inatoka kwa nani

Tuanze na Ulaya, kwa sababu huko mambo yameandikwa. Paleti ya EPAL, chama kilichoanzishwa mwaka 1991, ina vipimo vya milimita 1200 kwa 800 na kimo cha 144. Ina mbao 11, bloku 9 na misumari 78, na ikiwa kavu ina uzito wa kilo 25 hivi. Imekadiriwa kubeba kilo 1,500 mzigo ukiwa umetandazwa sawasawa. Pembe zake nne zimekatwa kidogo, na kwenye bloku za kona kuna chapa ya neno EPAL ndani ya duara bapa. Bloku ya katikati ubavuni ina alama ya usafi wa mimea, namba ya mtengenezaji na tarehe ya kutengenezwa. Ikiwa imewahi kutengenezwa upya kwenye karakana yenye leseni, utaona msumari maalumu wa alama uliopigwa wazi kuonyesha hivyo. Msumari huo si kasoro. Mimi naona ni cheti kwamba aliyeikarabati alikuwa anajua anachofanya.

Paleti hizi zinagawanywa kuwa mpya, A, B na C, na chini ya hapo zile zisizofaa. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba A, B na C zote ni paleti nzima. Zote zinabeba na zote zinaweza kubadilishana moja kwa moja sokoni huko Ulaya. Tofauti kati ya A na B ni rangi na usafi zaidi kuliko nguvu: A bado ni nyeupe na safi, B imeshageuka kijivu kwa jua na mvua lakini imesimama vilevile. C inaruhusiwa kuwa na vibanzi vidogo vilivyotoka pembeni au bloku iliyogeuka kidogo, na ndiyo maana maghala yanayoendeshwa na mashine hayaipendi. Kwa anayepanga katoni za sabuni sakafuni, B ya Ulaya ni mali safi kabisa, na tofauti ya bei na A ni pesa ya rangi tu.

Inaanguka nje ya herufi pale ubao unapokosekana au kuvunjika, pale bloku inapokosekana au kupasuka kiasi kwamba zaidi ya msumari mmoja unaonekana mwilini, pale chapa muhimu zinapopotea, au inapokuwa imeoza au kuchafuka vibaya. Hiyo ndiyo orodha ya kukariri, maana yadi nyingi zinaita "C" paleti ambayo kule ilikotoka imeshatolewa kazini.

Marekani mambo yako tofauti. Hakuna sheria ya nchi inayosema A ni nini. Ni mazoea ya biashara, na yanaangalia mihimili kwanza. Gredi A, wengine huiita namba moja, ni ile ambayo mihimili yake mitatu haijapigiwa mbao za kuiunga. Bati la meno la kushikilia ufa mdogo huwa linavumiliwa. Gredi B, au namba mbili, ni ile ambayo mhimili mmoja au zaidi ulivunjika, ukapigiwa ubao wa pili ubavuni ili kuubebesha kazi. Wengine huweka kipande cha nusu urefu, wengine urefu wote. Paleti hiyo inaweza kuwa na nguvu hata kuliko ilivyokuwa mwanzo, ila imeongezeka uzito na nafasi ya kuingiza meno imepungua. Nimeona trole ya mkono ikikwama kwenye paleti ya namna hiyo hadi kijana akaipiga teke, na ubao wa kuunga ukatoka. Kama unatumia trole ya mkono kuliko forklifti, ingiza meno ya trole yako kwenye paleti mbili tatu za B kabla hujanunua lundo.

Kisha kuna za rangi. Ya buluu ni ya CHEP, kampuni iliyoanzia Australia kutokana na vifaa vya kubebea mizigo vilivyoachwa na jeshi la Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Nyekundu, kwa Ulaya, ni ya LPR, na kwa Marekani ni ya PECO. Hizi hukodishwa tu, haziuzwi. Hata zikifika huku chini ya mzigo wa mtu, mwenyewe bado ni kampuni, na anayekuuzia anauza kisicho chake. Ni paleti ngumu na zinavutia, lakini ukizitumia kusafirisha mzigo kurudi nje unaweza kukuta mpokeaji anakataa kuzigusa. Mimi husema ziachwe.

Hatua ya 4: Igeuze chini juu

Sakafu ya juu ndiyo sura ya paleti, na muuzaji anajua hivyo. Ubao mmoja mpya mweupe juu unaifanya ionekane ya jana. Mwombe kijana wa yadi aigeuze. Akisita, una jibu lako.

Anza na kinachobeba. Kwenye paleti ya mihimili, tazama pengo la kuingizia meno ubavuni. Kona ya ndani ya pengo hilo ndipo ufa unapozaliwa, kisha unatambaa kwa mlalo kufuata nyuzi za mbao kuelekea ncha. Paleti ikiwa haina mzigo ufa huo hujifunga na huonekana kama mstari wa penseli. Ingiza ukingo wa sarafu. Sarafu ikizama, mhimili huo umekwisha hata kama bado umeshika; siku utakapoupandisha kilo 800 utafunguka. Paleti moja yenye mhimili mmoja wa hivyo inashuka hadi B ikikarabatiwa, na ikiachwa hivyo haina herufi.

Kwenye paleti ya bloku, shika kila bloku ya kona ujaribu kuizungusha kwa mkono. Bloku za kona ndizo zinazopigwa na meno kila siku. Ikicheza, misumari imelegea. Angalia pia bloku zilizotengenezwa kwa chenga za mbao zilizogandamizwa. Ni halali na ni za kawaida, lakini zikinyeshewa muda mrefu hufura, zikapasuka mistari na kumwaga unga. Kwa yadi za Pwani zinazoweka paleti nje masika nzima, hiki ni kitu cha kutazama kabla ya vingine vyote.

Halafu ubao wa kwanza na wa mwisho, chini na juu. Hizo za pembeni ndizo zinazopokea kipigo cha meno ya forklifti, na zikipasuka paleti yote hupinda. Ubao wa katikati ukiwa na ufa wa kufuata nyuzi si taabu kubwa. Ufa unaokata ubao kwa mkingamo, hasa unaopita kwenye fundo, ni ubao wa kubadilisha.

Misumari isomwe kwa kiganja. Pitisha mkono polepole juu ya sakafu ya paleti, ukiwa umevaa glavu. Kichwa cha msumari kilichonyanyuka kitachana gunia la sukari kabla hujajua. Kigongelee ukione: kikizama na kukaa, sawa, kikizama na kurudi, tundu limeshapanuka. Tazama pia aina ya msumari. Paleti iliyotengenezwa vizuri hupigwa misumari yenye mizunguko au mikato mwilini, inayong'ang'ania mbao. Fundi wa haraka hupiga misumari laini ya kuezekea, na ubao alioweka utatoka baada ya safari chache.

Mwisho wa hatua hii, inyanyue kona moja hadi usawa wa goti uiachie. Paleti iliyoshikana hutoa mlio mmoja wa kavu. Iliyolegea hutoa kelele nyingi ndogo, na ukitazama vizuri utaona kona zake hazigusi sakafu zote kwa pamoja.

Hatua ya 5: Soma muhuri

Kama mzigo wako hauvuki mpaka, ruka hadi hatua inayofuata. Kama ni parachichi, chai, viungo au vinyago vya kwenda ng'ambo, simama hapa.

Mbao zinazosafiri kati ya nchi hubeba wadudu, na wadudu hao wameshaua misitu ya watu. Ndiyo sababu mkataba wa kimataifa wa afya ya mimea ulipitisha mwaka 2002 kiwango kiitwacho ISPM 15. Paleti iliyotibiwa hupigwa muhuri wenye picha ya suke la ngano, herufi mbili za nchi, namba ya aliyetibu, na herufi za tiba. KE ni Kenya, TZ ni Tanzania, DE ni Ujerumani, CN ni China. HT ina maana mbao zilipashwa moto hadi kiini chake kikafika nyuzi 56 za selsiasi na kukaa hapo dakika 30 mfululizo. DH ni moto wa mawimbi ya umeme. MB ni gesi ya methili bromidi, ambayo Umoja wa Ulaya uliacha kuitumia tangu Machi 2010. SF ni gesi nyingine iliyoongezwa kwenye orodha mwaka 2018. Ukiona DB kwenye paleti kuukuu, ni alama ya zamani ya kusema gome lilitolewa.

Muhuri una tabia zake. Haupaswi kuandikwa kwa mkono. Rangi nyekundu na ya machungwa zinaepukwa, maana hizo ni za lebo za mizigo ya hatari. Ni bora uwe pande mbili zinazotazamana. Na gome lililobaki kwenye ubao lazima liwe chembamba kuliko sentimita 3, au kama ni pana zaidi, kila kipande kisizidi sentimita za mraba 50. Paleti yenye gome pana pembeni na muhuri wa HT juu yake inazua maswali kwa mkaguzi yeyote.

Wengi huumia kwenye ukarabati. Paleti yenye muhuri ikitengenezwa kwa kubadilisha hadi theluthi moja ya vipande vyake, lazima vipande vipya viwe vimetibiwa na viwe na alama yake. Ikizidi theluthi, inahesabika imetengenezwa upya: mihuri ya zamani yote ifutwe, paleti itibiwe tena na ipigwe muhuri mpya. Sasa fikiria fundi wa yadi aliyetoa bloku mbili na mbao tatu mbovu kwenye paleti ya Kijerumani, akaweka za msonobari uliopasuliwa juzi. Muhuri wa DE bado unasomeka vizuri, lakini paleti hiyo haina haki nao. Ikikamatwa bandarini upande wa pili, mzigo unaweza kuzuiwa, kufukizwa, kurudishwa au kuharibiwa, na bili inakuja kwako, yule fundi hata hajui.

Kwa hiyo kwa mzigo wa nje nunua kwa mtibu aliyeidhinishwa. Kenya kazi hiyo iko chini ya KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, Tanzania iko chini ya TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Mwulize namba yake ya usajili na uilinganishe na namba iliyo kwenye muhuri.

Kosa jingine ninalolisikia sana ni kudhani HT maana yake mbao ni kavu na haziliwi tena. Joto lile huua kilichokuwemo siku ile. Halizuii mchwa wa kesho, wala halikaushi mbao kiasi cha kuzuia kuvu.

Hatua ya 6: Tumia pua

Paleti inayokubalika kwa kila kipimo inaweza kukuharibia mzigo kwa harufu. Mwaka 2010 kampuni ya McNeil ya Marekani iliondoa sokoni dawa nyingi, zikiwemo za Tylenol, baada ya watumiaji kulalamikia harufu ya uvundo. Chanzo kilichotajwa kilikuwa kemikali inayotokana na dawa iliyotumika kutibu paleti za mbao, ikapenya hadi kwenye chupa. Chai, kahawa, unga na maziwa ya unga hunyonya harufu kwa namna hiyohiyo.

Inama unuse bloku, si ubao wa juu, kwa sababu bloku hukauka mwisho. Harufu ya petroli, viuatilifu au samaki haitoki kwa jua la wiki mbili. Paleti yenye doa jeusi la mafuta kwenye sakafu yake iondoe kabisa kwenye hesabu ya chakula. Doa jeupe la unga kavu nalo lichunguzwe, maana linaweza kuwa saruji au mbolea. Kwa wanaopenda kutengeneza meza za jikoni na vitanda vya watoto, kinachonitia wasiwasi ni kile kilichomwagika baadaye kuliko herufi za tiba. Hata hivyo paleti yenye MB mimi singeileta ndani ya nyumba, maana HT zimejaa tele.

Unyevu nao una bei. Paleti ya Ulaya ambayo ikiwa kavu ina kilo 25, ukiikuta ina 30 na zaidi, hizo za ziada ni maji. Kifaa kidogo cha kupima unyevu kinajilipa haraka: chini ya asilimia 20 hivi kuvu hupata taabu kushika. Kisha gonga bloku kwa nyundo. Vumbi jepesi la rangi ya krimu likidondoka kutoka vitundu vidogo, bungua bado wamo kazini. Njia za udongo za mchwa hazihitaji maelezo.

Hatua ya 7: Kupatana bei ya lundo

Paleti hazinunuliwi moja moja. Ukioneshwa rundo la 15, kimo chake ni zaidi ya mita mbili, na utakachokiona ni ya juu na pembe za nyingine. Chagua mwenyewe marundo mawili kutoka nyuma ya yadi, yateremshwe, na ukague kila moja. Ukikuta tano zilizoanguka nje ya herufi kati ya 30, unajua lundo zima liko namna gani, na una hoja ya kushusha bei bila kugombana.

Usiandike "gredi A" kwenye oda. Andika maneno: mihimili haina ufa wala kiungo, mbao zote zipo, hakuna kichwa cha msumari kilichonyanyuka, kipimo 1200 kwa 1000, muhuri wa HT unasomeka pande mbili. Ongeza sharti kwamba zitakazokataliwa wakati wa kupakua zinarudi na lori lilelile. Muuzaji wa kweli hatachukia. Atakwambia tu, "Mzee, za hivyo bei yake ni nyingine," na hapo mnaanza kuongea lugha moja. Nauli iingie kwenye hesabu mapema, kwa sababu fuso lililojaa paleti limejaa zaidi hewa kuliko mbao.

Kuna siku lundo la mchanganyiko ni biashara nzuri kuliko la A. Ukiwa na fundi wako mwenyewe na pembe ya kukarabatia, nunua B na C kwa pamoja, C chache uzivunje ziwe vipuri vya nyingine. Kwa mzigo wa ndani ya nchi hesabu hiyo hulipa. Kwa mzigo wa nje inakurudisha kwenye ile habari ya theluthi.

Hatua ya 8: Zikishafika ghalani

Zipange upya siku hiyohiyo, na uweke alama ya rangi ubavuni: kijani kwa rafuni, njano kwa sakafuni, nyeusi kwa kuvunja. Wapakiaji hawatakumbuka herufi, ila rangi wataiona wakiwa juu ya forklifti. Paleti inashuka daraja kadiri inavyofanya kazi, kwa hiyo iliyopata kipigo leo ipakwe rangi mpya leo. Ziweke chini ya paa, juu ya mihimili mitatu ya mbao au zege ili hewa ipite chini, mbali na ukuta kwa hatua moja ili uone mchwa akianza kupanda.

Zenye rangi nyeusi usizivunje kwa mtaimbo ukitaka mbao nzima. Ile misumari yenye mizunguko haitoki kwa urahisi, ubao hupasuka kwanza. Ingiza msumeno wa kukatia chuma kati ya ubao na mhimili ukate msumari wenyewe, ubao utoke salama na vichwa vyake vya misumari, ambavyo maseremala wengi huviacha kama pambo. Kabla ya kupitisha randa, pitisha sumaku. Vipande vilivyobaki vyenye HT na visivyo na madoa vinafaa kuni. Vya MB, vilivyopakwa rangi na vyenye madoa ya kemikali visiingie jikoni, wala visipewe mama lishe wa nje ya geti anayeomba kuni kila jioni.